Nani Anayelifungua Faili?

(Kiongozi wa darasa: kabla ya saa ya somo, andika ubaoni maneno haya: kiungo, kivinjari, faili, wasilisho, kupakua. Chini yake andika herufi hizi, kila kundi katika mstari wake: pptx, ppsx, pptm, pdf, apk. Usizifute mpaka somo liishe. Kama darasa lina simu janja au kishikwambi, kiwekwe mezani, lakini kisiguswe kwanza.)

Ndugu wasikilizaji mlioketi madarasani jioni hii, Bahi na Chamwino, Kongwa na Mpwapwa, Kondoa na Chemba, na hapa Dodoma mjini, natumaini taa inawaka, chaki ipo, na kila mtu amepata mahali pa kukaa.

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo linaloonekana dogo, lakini hula fedha za watu na kuwapotezea siku nzima. Mtu ametumiwa kiungo katika simu. Kiungo, mnakumbuka, ni yale maneno ya buluu ambayo ukiyabonyeza yanakupeleka mahali pengine. Ameambiwa, "Bonyeza hapa, utapata somo la mtama lenye picha." Anabonyeza. Siku moja somo linafunguka vizuri. Siku ya pili kiungo kile kile hakionyeshi kitu, ila simu inalia kidogo na kusema kwamba faili limepakuliwa. Kwa jirani yake kinataka programu ambayo yeye hana. Kwa mwalimu, kwenye kompyuta, somo linafunguka likiwa tayari kuandikwa, na mtoto akigusa kitufe maneno yanafutika. Basi watu husema, "Simu hii mbovu," au "Mtandao wa leo mbaya." Mara nyingi simu haina kosa, wala mtandao hauna kosa. Kuna amri zimetolewa, na aliyezitoa si wewe.

Kabla sijaendelea, nitawapa habari yangu mwenyewe, maana msije mkadhani nasema na watu wajinga na mimi ndiye mjuzi. Siku moja nilialikwa kwenye mkutano wa wakulima, upande wa Hombolo. Mwenzangu alikuwa amenitumia kiungo cha wasilisho zuri sana juu ya kupanda mtama aina ya Macia: nafasi kati ya mistari, wakati wa kupunguza miche, namna ya kuhifadhi mbegu. Asubuhi nikiwa mjini nilikibonyeza. Slaidi zikafunguka ndani ya kivinjari, moja baada ya moja, picha safi. Nikasema moyoni, "Somo ninalo." Nikafunga kompyuta, nikapanda pikipiki.

Saa sita mchana wazee na akina mama wamekaa chini ya mbuyu, wengine wametoka mbali. Nikafungua kompyuta. Mtandao hakuna. Kivinjari kikanionyesha ukurasa mweupe. Nikajaribu tena, nikapanda juu ya kichuguu na simu mkononi kama mtu anayetafuta ng'ombe aliyepotea. Hakuna kitu. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, umetuletea kivuli cha ng'ombe, ng'ombe mwenyewe umemwacha zizini?" Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini uso ulinipata moto. Mwisho tulichora mistari ya mtama mchangani kwa fimbo. Kosa lilikuwa langu. Asubuhi nilikuwa nalitazama tu lile wasilisho, sikuwa nalo.

Kutazama faili na kuwa na faili ni mambo mawili. Ukibonyeza kiungo, ama utapata la kwanza ama la pili, na inafaa ujue umepata lipi.

Sasa tueleze maneno yetu. Wasilisho ni faili lenye kurasa za kuonyesha, ambazo huitwa slaidi. Hapa kwetu watu wengi husema "pawapointi", kwa sababu ya programu inayoitwa PowerPoint, iliyotoka mwaka 1987. Ilitengenezwa na kampuni ndogo ya Marekani kwa ajili ya kompyuta za Macintosh, na mwaka ule ule kampuni ya Microsoft ikainunua. Siku hizi huwezi kuishi Dodoma bila kukutana na slaidi. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa nguvu baada ya tangazo la mwaka 2016, mji huu umekuwa mji wa semina, na semina bila slaidi wengine huiona kama harusi bila pilau. Tena vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwezi Agosti 2022 viligawiwa walimu, na kwa hiyo huenda mwalimu wenu wa jioni anacho kimoja. Slaidi zitawafikia, mtake msitake.

Kivinjari ni programu ya kutembelea tovuti: Chrome, Firefox, Edge, na nyinginezo. Na kupakua ni kulichukua faili kutoka kwenye mtandao na kulihifadhi katika chombo chako mwenyewe, ili ulitumie hata mahali pasipo na mtandao.

(Hapa palikuwa na muziki mfupi. Kiongozi awaulize wanafunzi wawili wasome ubaoni maneno matano.)

Vema. Sasa tuangalie kinachotokea ndani, maana mtu akijua kinachotokea ndani hahitaji kukariri vifungo.

Fikirini kituo cha mabasi cha Nanenane. Ndugu yako yuko Dar es Salaam, amekutumia mzigo kwa basi. Juu ya mzigo kuna karatasi iliyobandikwa. Imeandikwa kilichomo: nguo, au vyombo, au dawa. Pengine imeandikwa pia: "Fungua hapa hapa," au "Apelekewe nyumbani ukiwa umefungwa." Mpokezi wa mizigo hafungui kila gunia kuangalia, anasoma karatasi na kufanya kama ilivyoandikwa.

Mtandao hufanya vivyo hivyo. Faili lako hukaa kwenye kompyuta kubwa iitwayo seva. Ukibonyeza kiungo, seva hulipeleka faili, na mbele yake hutanguliza lebo. Lebo hiyo husema faili ni la aina gani. Utaratibu wa lebo hizi ulianza na barua pepe, ukatangazwa mwaka 1992, kisha tovuti zikauchukua. Lebo ya wasilisho la siku hizi ni ndefu ajabu, ina alama 73 ukihesabu herufi, nukta na vistari, kama treni ya SGR inavyopita Ihumwa, sitawasomea. Mbali na hiyo, seva yaweza kuongeza amri ya pili: ama "onyesha hapa," ama "hiki ni kiambatisho, kihifadhiwe."

Basi kivinjari kikipokea lebo hufikiri hivi: Je, aina hii naweza kuisoma mwenyewe? Kama ni picha au pdf, vivinjari vingi vya kompyuta vinaweza, na huonyesha mara moja. Kama ni wasilisho la PowerPoint, Chrome na Firefox haziwezi kulisoma zenyewe, kwa hiyo hulipakua na kukuachia kazi ya kutafuta programu ya kulifungua. Edge huweza kulionyesha, kwa msaada wa kitazamaji cha Microsoft kilichoko mtandaoni. Na ndiyo maana mtandao ukikatika, nacho hukatika.

Lebo ikikosewa, mambo huharibika kwa namna ya kuchekesha. Seva ikisema "haya ni maandishi tu," wakati ni wasilisho, kivinjari chaweza kujaza ukurasa vijiti na vidoti visivyosomeka. Wengine hudhani ni lugha ya kigeni. Na palikuwa na kisa kingine baada ya mwaka 2007, Microsoft ilipobadili muundo wa mafaili yake na kuanza kutumia mkia wa pptx. Faili la pptx kwa ndani ni furushi lililofungwa kwa namna inayoitwa zip. Seva nyingi za zamani hazikuwa na lebo mpya, na kivinjari cha siku zile, Internet Explorer, kilipochungulia kikaona furushi, kikalihifadhi kwa jina la zip. Watu walilifungua, wakakuta mafolda yasiyo na kichwa wala miguu, wakalitupa. Dawa ilikuwa kubadili mkia wa jina tu, uwe pptx tena. Kivinjari hicho Microsoft ilikiacha tarehe 15 Juni 2022, lakini kompyuta kuukuu bado zipo maofisini, na mtu anaweza kukutana na kisa hicho hata leo.

Nimesema mkia. Hapa ndipo kusoma kwenu kunapoleta faida, ndugu zangu. Tazameni ubaoni. Kila jina la faili lina nukta karibu na mwisho, na baada ya nukta herufi tatu au nne. Wakati faili liko njiani, kivinjari hutazama lebo. Lakini likisha kukaa katika kompyuta yako, lebo haipo tena. Kompyuta hutazama mkia. Kwa hiyo zisomeni herufi hizi kama mnavyosoma noti kabla ya kuipokea.

Pptx ni wasilisho la kawaida. Kwenye kompyuta hufunguka katika meza ya kuhariri, yaani maneno yaweza kubadilishwa, hata kwa bahati mbaya. Ukitaka kulionyesha kwa ukubwa wa kioo chote bonyeza kitufe cha F5. Ppsx ni wasilisho lile lile, lakini limehifadhiwa kama onyesho. Ukilibonyeza mara mbili linaanza kuonyesha moja kwa moja, bila kupita kwenye meza ya kuhariri. Mwalimu anayetumia kompyuta moja na watu arobaini, tena wengine hawajawahi kushika kipanya, afadhali ahifadhi somo lake kwa namna hii ya pili. Akihifadhi, achague katika orodha ya aina za faili ile ya onyesho la PowerPoint.

Pdf ni kama karatasi iliyokwisha kupigwa chapa. Vinavyocheza havichezi tena, sauti huwa hazimo, lakini hufunguka karibu popote. Pptm ni wasilisho lililobeba amri ndogo ndogo ndani yake, kama gunia la mahindi lenye kitu kingine katikati. Amri hizo zaweza kuwa za heri, na zaweza kuwa za shari. Tangu mwaka 2022 Microsoft huzizuia zikitoka mtandaoni, mpaka mtu mwenyewe azifungulie. Kama hukumwomba mtu faili la namna hiyo, usilifungulie.

Na apk si wasilisho kabisa. Ni programu ya simu. Ukiifungua unaiingiza katika simu yako, na ikipewa ruhusa yaweza kusoma ujumbe wako, pamoja na ule wa fedha. Huko Uhindi, mwaka 2024, polisi waliwaonya watu juu ya wezi wanaotuma kwa WhatsApp "kadi za harusi" ambazo mkia wake ni apk. Mtu akaona jina zuri la harusi, hakusoma herufi tatu za mwisho. Mtu akikuambia, "Pokea slaidi za semina," nawe ukaona apk, mpigie simu kwanza.

(Muziki mfupi. Kiongozi afute mkia mmoja baada ya mwingine, na wanafunzi waseme maana ya kila ulioondolewa. Kisha auandike tena.)

Sasa tuje kwenye amri zako wewe. Nilisema amri hutolewa na seva na kivinjari. Lakini kivinjari ni mtumishi wako, na mtumishi huambiwa.

Njia nyepesi kuliko zote haihitaji kubadili chochote. Kwenye kompyuta, usibonyeze kiungo kwa kitufe cha kushoto cha kipanya. Kibonyeze kwa kitufe cha kulia. Orodha itatokea, ndani yake mna neno lenye maana ya "hifadhi kiungo kama". Chagua hilo, taja folda, na faili litakuja nyumbani kwako bila kupita barazani. Kwenye simu, badala ya kugusa kiungo na kuachia, weka kidole juu yake ukishikilie. Katika Chrome itatokea orodha yenye neno la kupakua kiungo. Laiti ningalifanya hivyo asubuhi ile, wazee wale wasingalichora mchangani.

Lakini angalia: ukihifadhi kwa njia hii, na kiungo chenyewe kilikuwa kinaelekea kwenye ukurasa, si kwenye faili, utapata ukurasa mtupu wenye mkia wa html. Soma mkia kabla ya kwenda zako. Hapa wengi huanguka.

Ukitaka amri ya kudumu, ingia katika mipangilio ya kivinjari. Katika Chrome, kwenye sehemu ya vitu vinavyopakuliwa, kuna swichi ya kuamuru kivinjari kikuulize kila mara faili likae wapi. Iwashe. Utaulizwa mara nyingi, na utachoka kidogo, lakini hutapata faili usilolijua likilala kwenye simu yako. Katika Edge, kwenye sehemu hiyo hiyo, kuna swichi ya kufungua mafaili ya Office ndani ya kivinjari. Izime, na wasilisho litapakuliwa badala ya kuonyeshwa. Firefox ndiyo inayonipendeza zaidi kwa kazi hii, kwa sababu katika mipangilio yake ya jumla mna jedwali la aina za mafaili, na kwa kila aina unachagua: uulize, uhifadhi, au utumie programu fulani. Zamani Firefox iliuliza kila mara. Tangu toleo la 98, mwezi Machi 2022, hupakua bila kuuliza, ila ukiiambia iulize.

Kwenye simu kuna kisa kingine. Ukifungua wasilisho lililopakuliwa, simu yaweza kukuuliza utumie programu ipi, na chini yake maneno mawili: mara moja tu, au kila mara. Watu wana haraka, hugusa "kila mara". Baadaye wanakuta kila slaidi inafunguliwa na programu yenye matangazo, au isiyoonyesha picha, na hawajui namna ya kutoka. Namna ipo. Ingia katika mipangilio ya simu, tafuta orodha ya programu, iguse ile iliyojipachika, na ndani yake futa ule uchaguzi wa kufungua kwa kawaida. Simu itauliza tena kama mwanzo. Kama huna programu yoyote ya kufungua wasilisho, usiende kupakua ya kwanza unayoiona katika tangazo. Mwombe aliyekutumia akupe pdf.

Na kwenye kompyuta, faili lililotoka mtandaoni likifunguliwa na PowerPoint huwa na utepe wa manjano juu. Utepe huo husema faili liko katika hali ya ulinzi: lisome, lakini huwezi kulibadili. Watu wengi hubonyeza kitufe cha kuruhusu kuhariri kama desturi, bila kuuliza. Kama unataka kusoma tu, liache lilivyo.

Sasa viungo vyenyewe. Huko mwisho wa anwani pia kuna mambo ya kusoma. Watu wengi huweka mawasilisho yao kwenye maghala ya mtandaoni, kama Dropbox au Google. Kiungo cha Dropbox mara nyingi kina herufi dl, alama ya sawasawa, kisha sifuri. Hiyo sifuri maana yake ni kwamba utaonyeshwa kwanza ukurasa. Ukibadilisha sifuri iwe moja, faili hupakuliwa mara moja. Tarakimu moja tu! Na kiungo cha slaidi za Google mara nyingi huishia kwa neno la Kiingereza edit, ambalo maana yake ni kuhariri. Anayetuma kiungo hicho kwa watu mia, tena amewaruhusu wote kuandika, amewapa watu mia kalamu na daftari moja. Niliwahi kuona orodha ya wanachama wa kikundi ikiwa na majina kumi na mawili jioni, na asubuhi majina tisa. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kidole cha mtu kilipita. Mahali pa neno hilo akiandika preview, wasomaji hufunguliwa hali ya kutazama. Akiandika copy, kila mmoja huulizwa kama anataka nakala yake mwenyewe. Lakini kubadili neno si kufuli. Kufuli ni ile ruhusa anayoitoa mwenye faili, aandike nani na asome nani, na aiangalie kabla ya kutuma.

(Kiongozi aandike ubaoni: dl=0 na dl=1. Wanafunzi wazinakili katika madaftari.)

Labda mama mmoja atauliza, "Mwalimu, hayo yote ya nini? Mimi nikibonyeza linafunguka, yatosha." Basi tufanye hesabu. Wasilisho lenye picha nyingi lina MB 12. Kikundi chenu kina simu moja yenye bando. Jumatatu mmelibonyeza, likapakuliwa. Jumanne mmesahau liko wapi, mkabonyeza tena kiungo. Jumatano tena. Hadi Ijumaa mmelipakua mara tano. Tano mara 12 ni ngapi? Nasikia sauti huko: 60. MB 60 zimekwenda kwa somo lile lile moja, na katika simu mna nakala tano, jina moja lenye namba mwishoni kwenye mabano: 1, 2, 3, 4. Nakala hizo huijaza simu, na siku mkitaka kupiga picha ya mazao itawaambia nafasi hakuna. Lingepakuliwa mara moja na kutafutwa katika folda ya vitu vilivyopakuliwa, mngetumia MB 12 tu. Nyingine 48 zingewatosha kwa mambo mengi, hata kutazama utabiri wa mvua za msimu, ambazo kwetu huanza Novemba na kwisha Aprili, na mkulima wa uwele hana mchezo nazo.

Tena faili lililo ndani ya simu huweza kupelekwa kwa simu ya jirani bila bando kabisa, kwa bluetooth au kwa kadi ndogo ya kuhifadhia. Kiungo hakina uwezo huo. Ukimpa jirani kiungo, umempa deni la bando. Ukimpa faili, umempa faili.

Neno moja kwa sisi tunaotuma, maofisa, mabwana shamba na mabibi shamba, makatibu wa vikundi. Ukituma kiungo, andika pembeni yake mambo matatu kwa Kiswahili: ni faili la aina gani, lina MB ngapi, na lifunguliwe kwa nini. Ni mstari mmoja tu. Mathalani: "Wasilisho la pptx, MB 12, lipakueni kabla ya kuja, mkutanoni hakuna mtandao." Mimi siku hizi hutuma mawili pamoja, wasilisho na pdf yake, naye mpokeaji achague. Huonekana ni kazi mara mbili, lakini tangu siku ya Hombolo sijaona uvivu kuifanya.

Kazi yenu ya juma hili ni hii. Darasa litafute kiungo kimoja cha wasilisho, kutoka kwa mwalimu au kwa bwana shamba, si kutoka kwa mtu msiyemjua. Kwanza kisomeni mwisho wake kwa sauti, herufi kwa herufi. Kisha mmoja ashikilie kidole juu yake, apakue. Kisha zimeni data ya simu kabisa, na mwingine, si yule yule, alitafute faili na kulifungua. Likifunguka bila data, lenu. Lisipofunguka, andikeni kwenye daftari mliloliona kiooni, neno kwa neno, na mkia wa faili, mniletee kwa barua au kwa kiongozi wenu. Barua zitakazonifikia nitazijibu redioni.

Juma lijalo, saa hii hii, tutaeleza kwa nini picha moja ya simu huweza kulifanya wasilisho zima kuwa zito, na namna ya kuipunguza kabla ya kuiweka. Kiongozi, sasa waweza kuwaruhusu wakiguse kile kishikwambi. Kwaherini.